Vinu vitatu vya Lukuga

Jumatatu, 4 Machi 1985
Nimekaanga dagaa, nimefagia. Muzee wangu, Mungu amulaze vizuri, alinifundisha herufi juu ya mifuko ya saruji, basi naandika. Mamba amerudi mutoni Lukuga. Juzi alikamata mbuzi pale pale mujukuu wangu Riziki anapofulia. Riziki ana mimba ya miezi saba, kukimbia hawezi. Bomba limekauka, mutoni ni lazima. Tumeweka walinzi watatu wenye sufuria. Mimi kwenye jiwe, Mama Yuma kwenye matete, Mama Feza darajani. Ukiona mamba, piga.

Jumanne, 5
Mama Feza amepiga mara saba. Gogo. Gogo. Bata. Wanawake: "Mama Feza, mamba wa leo ana mabawa?" Mara ya saba hakuna aliyetoka majini. Hiyo naiogopa kuliko mamba.

Jumatano, 6
Mama Yuma alishikwa na homa, akarudi kwake bila kusema. Sufuria yake kimya. Tukadhani kimya njo salama. Nusu siku Riziki amefua mbele ya matete yasiyo na macho. Nimemugombeza Mama Yuma mpaka akalia. Kisha nimemupelekea uji.

Alhamisi, 7
Nimepata. Sufuria tuache. Kila mulinzi atwange sombe, majani ya muhogo, pale alipo. Akitwanga, anasema: niko, naona, hakuna kitu. Akiona mamba, aache. Akilala, akizimia, kinu kinanyamaza vilevile. Kikinyamaza kimoja, simameni mutazame. Viwili, tokeni wote. Hivi woga wa Mama Feza peke yake hautufukuzi, na homa ya Mama Yuma haituui. Mutaa mzima utakula sombe mpaka uchoke.

Jumamosi, 9
Saa nne asubuhi. Kinu cha Mama Feza kikanyamaza. Wanawake wakasimama, wakacheka. Cha Mama Yuma kikanyamaza. Wakatoka mbio, wakamuvuta Riziki kwa mikono, nguo zikaenda na maji. Mimi natwanga tu. Nashangaa wanakimbia nini. Mamba alipita chini ya jiwe langu, hatua tatu. Sikumuona.
Jicho la kushoto lina ukungu tangu mwaka jana. La kulia limeanza. Nilijua. Nilificha. Kinu kibovu kilikuwa changu.

Jumapili, 10
Nimewaambia wote, nje ya kanisa. Haya imenichoma. Mama Feza hakunicheka. "Mama, sasa nani atanitukana pale mutoni?" Nikamwambia nitamutukana nyumbani. Dada ya Mama Yuma amechukua jiwe. Nimemupa muchi wangu.

Jumatatu, 11
Riziki amekwenda kufua. Nimefungua dirisha. Nasikia vitatu.
Nami natwanga, sombe ya jioni. Hiki cha nne hakimuambii muntu kitu. Ni chakula.