Vifundo Ulivyovifunga, Binamu

Makorora, Tanga
Agosti, 1957

Mpendwa binamu Mbaruku,

Ujumbe wako umenifika. Yule dereva wa lori uliyemtuma aliuleta mpaka barazani kwetu, akausema mbele ya watu huku kikombe cha kahawa kiko mkononi: "Mbaruku wa Mombasa anamsalimu Mshazari. Anasema tangu aanguke na baiskeli akavunjika mkono, mpira wake wa gofu unamkimbilia kulia. Mkono umepona, mpira haujapona. Mwezi ujao anajaribiwa mbele ya wakubwa wa klabu. Akipiga sawa, atapewa kazi ya kufundisha wanaoanza. Akipiga upande, atarudi kubeba mikoba ya fimbo za wachezaji. Anaomba Mshazari amwandikie dawa."

Baraza zima lilicheka. Nami nilicheka. Ulitaka msaada wangu na bado ulishindwa kunitaja kwa jina alilonipa baba yangu.

Basi kwa kuwa uliuliza hadharani, nakujibu hadharani. Barua hii nimeisoma barazani kabla ya kuitia katika bahasha. Waliokuwapo siku uliponifanya kichekesho wameisikia neno kwa neno, na wamenikosoa mahali nilipokosea. Dawa unayoitaka imo humu ndani. Lakini kwanza utasoma mengine, maana hata mimi sikuipata kwa mkato.

Unakumbuka fimbo yetu ya kwanza? Kichwa cha chuma tulikiokota kwenye majani ya uwanja, mpini tukautengeneza wa mpera, na tulikuwa tukipokezana. Wewe ulikuwa ukipiga kwanza kwa sababu ulinizidi kimo. Mipira tuliitafuta kule kwenye mikoko, maji yakitoka, na siku moja nilikatwa unyayo na chaza nikashindwa kukanyaga. Ulinibeba mgongoni mpaka kwa shangazi, mama yako, na njia nzima ulikuwa ukiniambia, "Usilie bwana, watu watadhani nimebeba mbuzi." Siku hiyo nilikupenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Naliandika hilo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa bila hilo usingeweza kunifanyia uliyonifanyia. Mtu baki ningemwuliza maswali. Wewe nilikuamini tu.

Mimi nikaenda kusoma, wewe ukabaki hapa klabuni Tanga na mikoba ya wachezaji. Niliporudi na cheti changu nikaajiriwa karani wa klabu ileile, nikawa nakaa dirishani nikiandika matokeo ya wachezaji, na kila mpira uliopigwa vizuri niliusikia kwa mlio wake kabla sijainua macho. Nilitaka kuwa nje. Kwa hiyo klabu ilipotangaza kwamba safari ile atakayeshinda mashindano ya wafanyakazi ndiye atakayekuwa msimamizi wa uwanja, na jioni atakuwa na ruhusa ya kucheza, nilikuja kwako mbio kama mtoto. Mpira wangu ulikuwa na tatizo dogo. Ulikuwa ukitoka sawa, halafu unakata kona kidogo kulia. Nilikuomba unitazame.

Ulinitazama, Mbaruku. Ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukavuta sigara yako yote, ukatikisa kichwa kama daktari.

"Vifundo, binamu," ulisema. "Mikono yako inacheza. Umezoea kirumbizi, unadhani hii ni fimbo ya harusi. Kaza!"

"Nikaze kiasi gani?"

"Kaza mpaka usikie maumivu."

Ukaleta chelewa za mnazi, zile njiti za ufagio, na kitambaa, ukanifunga vifundo vyote viwili kama mtu aliyevunjika, ukaniambia nipige hivyo kila jioni. Nikapiga. Mpira ukazidi kwenda kulia. Nikakwambia unazidi, ukasema basi nisimame nimeelekea kushoto ili kulia kwake kuwe katikati. Nikaelekea kushoto. Ukazidi tena. Kila nilivyoelekea kushoto zaidi, ndivyo ulivyopinda kulia zaidi, na kila ulivyopinda ndivyo ulivyoniambia nikaze. Mimi ni mtu wa utaratibu, unanijua. Nilikuwa nikiandika katika shajara yangu kila siku nilichofanya na mpira ulikokwenda. Kurasa zile nikizisoma leo nasikia hasira mpya, si ya zamani. Mtu mwenye macho yake anaandika kwa mwandiko mzuri jinsi anavyoharibiwa, na haoni.

Siku ya mashindano tulibaki mimi na wewe. Shimo la mwisho, mikoko iko kulia, watu wamejipanga kwenye kivuli cha banda. Ulipiga kwanza. Mpira wako ulikwenda kama uzi, ukaangukia karibu na ule mchanga uliomwagiwa mafuta unaozunguka shimo mahali pa majani. Kisha ukanipisha, ukaninong'oneza kwa upole kabisa, "Kaza, binamu. Kaza."

Nilikaza. Mpira ulitoka vizuri, ukasita hewani, halafu ukageuka kulia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Tuliusikia ukiingia majini.

Kushindwa peke yake ningekumeza. Ni mchezo, na wewe ulipiga vizuri. Lakini jioni ile pale barazani walikuuliza imekuwaje, na ukasema, nami nimekaa mbele yako, "Nilimfunga mwenyewe kwa chelewa! Nilimwambia akaze, akakaza! Nikamwambia elekea kushoto, akaelekea! Miaka yote ya skuli, na mikono ikafungwa kama mbuzi wa sikukuu!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Ukasimama, ukaniiga nilivyopiga, ukaniiga nilivyotazama mpira ukipotea, na hapo hapo ukanibatiza: "Huyu sasa ni Mshazari. Hana njia iliyonyooka."

Nami nilifanya nini? Nilicheka. Wewe ni mtoto wa shangazi yangu, mimi ni mtoto wa mjomba wako, na baina yetu kuna utani. Mtani hakasirikiwi. Ningenyanyua sauti, wazee wangeniambia sina adabu, sijui ujamaa. Ulijua hivyo. Ulinifunga vifundo kwa kitambaa, na mdomo ukanifunga kwa utani, na hicho cha pili ndicho sijakusamehe.

Jina lilienea mpaka Usagara. Ukapata kazi, ukakaa nayo kidogo, ukaandikiwa barua nzuri ya sifa, ukaenda nayo Mombasa. Mimi nilibaki na jina. Mwaka huu binti yangu alirudi kutoka chuo cha Kurani na juzuu yake kifuani, akaniuliza, "Baba, kwa nini wananiita binti Mshazari? Kwani sisi tumefanya nini?" Nilimwambia ni mzaha wa ami yake aliye mbali. Akaniuliza, "Mzaha wenyewe unachekesha wapi?" Nakuletea swali hilo ulijibu wewe.

Sasa dawa.

Ulikuwa umekwisha ondoka nilipoalikwa harusi Pangani, kwa watu wa upande wa mama. Tulivuka mto, tukala, alasiri zumari likalia na watu wakatoa fimbo kucheza kirumbizi. Mjomba Athumani, kaka yake mama, akanitupia fimbo niingie uwanjani nicheze naye. Nilikuwa sijacheza tangu uniambie mchezo ule ndio ulioniharibu mikono. Nikaingia nimekaza, kama ulivyonifundisha. Akanipiga fimbo yangu ikaanguka. Nikaiokota, akaiangusha tena. Wanawake wakapiga vigelegele vya kunicheka.

"Ebo!" Mjomba akapaza sauti. "Wewe karani, umeshika fimbo au umeshika mlango wa choo? Nani yuko ndani?"

Hata mpiga zumari alikosa pumzi kwa kucheka. Nami nilisikia hasira, na kwa hasira nikasahau mafundisho yako. Nililegeza. Fimbo ikapanda, kifundo kikakunjika chenyewe nyuma, na iliposhuka, pale inapokutana na fimbo ya mwenzio, mkono wa kulia ukajipindua juu, kiganja kikaelekea chini. Mlio wake ulisikika mpaka barabarani. Fimbo ya Mjomba ikaruka, ikaangukia kwenye sinia la pilau.

"Ala!" akasema. "Kumbe yumo!"

Watu walinishangilia, lakini mimi nilikuwa natazama mkono wangu. Kiganja kilikuwa chini. Katika gofu, kwa mafundisho yako, kiganja kilikuwa kikibaki kinatazama juu, uso wa fimbo umeachwa wazi, na mpira hauna pa kwenda ila kulia. Nilisimama katikati ya harusi ya watu nikaelewa ulichonifanyia, chote, na jinsi ulivyokijua.

Niliporudi Tanga nilianza upya. Nilishika fimbo kwa wepesi, kama unavyomshika kifaranga usimuumize. Nilihakikisha nikitazama chini naona vizuri vifundo vya vidole vya mkono wa kushoto, maana mkono uliojificha chini ya mpini hauwezi kugeuka. Niliacha kuelekea kushoto. Nilileta fimbo kutoka ndani, karibu na paja la kulia, na si kutoka nje kama mtu anayefyeka. Nikaacha vifundo vikunjike juu, nikaviacha vifunguke chini, na pale pale kwenye mpira nikauacha mkono wa kulia upande juu ya wa kushoto. Naandika nikauacha kwa makusudi. Ukiulazimisha, umechelewa.

Mpira wa kwanza ulikwenda kushoto, binamu! Uliingia katika banda la kuku la mlinzi wa klabu. Alitoka akinitukana, nami nikamkumbatia. Baada ya hapo ni mazoezi tu. Sasa mpira wangu hutoka chini, hupanda, hupinda kushoto kidogo sana mwishoni, kama mtu anayegeuka kukuaga. Mashindano ya wafanyakazi ya mwaka jana nilishinda mimi, na kazi ya usimamizi uliyoiacha ninayo mimi. Ni mimi ninayewafundisha wanaoanza hapa. Kila nilipopiga sawa nilisikitika jambo moja tu, kwamba hukuwapo kuona.

Ndipo Mungu akakuletea baiskeli.

Najua ugonjwa wako bila ya kukuona. Mkono ulivunjika, ukafungwa, ukapona, na sasa unauogopea. Unaukaza usije ukauma. Umejifunga mwenyewe chelewa zile ulizonifunga mimi. Nimekwisha kukwambia cha kufanya, hapo juu, hatua kwa hatua, sikubakisha kitu. Au nimebakisha? Huenda nimegeuza jambo moja, dogo, mahali usipopafikiria, kama ulivyonigeuzia "kaza" mahali pa "legeza". Wote walio hapa barazani wananijua nilivyopiga na nilivyofundisha, na wote wanajua kama niliyokuandikia ni sawa au sivyo. Nimewaomba wasikwambie. Wamekubali kwa furaha kubwa. Hata yule dereva anayekuletea barua hii amekunywa kahawa yangu na ameapa.

Kwa hiyo siku yako ikifika, utasimama juu ya mpira, wakubwa wamenyamaza, na utanisikia nikikwambia kwa upole kabisa: legeza, binamu, legeza. Utataka kuniamini. Halafu utakumbuka ndoo iliyopinduliwa, na sigara, na kitambaa ulichokikaza kwa meno, na utajiuliza kama mtu uliyemfanyia vile anaweza kukuandikia kweli. Na wewe mchezaji wa miaka mingi unajua, mtu akisimama juu ya mpira na swali kama hilo, mikono yake hufanya nini.

Hukaza.

Ukiudhika, kumbuka mimi ni mtoto wa mjomba wako. Ni utani tu, na mtani hakasirikiwi. Cheka, kama nilivyocheka mimi.

Nisalimie shemeji na watoto. Shangazi hajambo, anakuombea dua kila sala, nami huitikia amina, ingawa sijui anaombea mpira uende wapi. Nakuaga nikiwa na mikono myepesi.

Ni mimi, binamu yako,
mwana wa mjomba wako,
uliyeniita Mshazari