Si Udi wa Nyanya

Jumanne

Ni jino! Si udi, si vumbi la mtaani kwetu Laini Saba. Ni jino!

Daktari kule Kawangware aligonga lile jino la juu lililotolewa mshipa mwaka jana, nikaruka kwenye kiti. Picha ikaonyesha usaha kwenye mzizi, umepenya hadi kwenye uwazi ulio juu yake, kando ya pua. Kumbe ndiyo maana shavu linauma upande mmoja tu, na pua inanuka upande huohuo! Jino lenyewe lilikaa kimya, nami nikaliamini.

Amelifungua, usaha umetoka. Naogopa huenda bado likang'olewa. Lakini shavu limekuwa jepesi, jamani!

Nyanya yangu hajafukiza nyumba tangu mvua zianze, kwa sababu nililia kwamba udi wake unanipasua kichwa. Yeye Mnubi, ambaye kwao nyumba hufukizwa kila Ijumaa, Ijumaa zote hizo bila udi!

Nilipofika nyumbani nikamwambia, "Nyanya, si udi."

"Nilijua," akasema. "Lakini aliyeumwa ni wewe, nikauacha."

Nikawasha makaa mwenyewe. Akatupia udi, akanitazama. Nikainamia chetezo, nikavuta kwa matundu yote mawili ya pua.