Neno Nililoandika kwenye Boksi ya Pompe Yako

Yaya mpendwa, dada yangu mkubwa,

Umerudi Bukama bila kuniaga, na pompe zako mbili za kupuliza dawa ya pumu umeziacha mezani kwangu. Nakuandikia hadharani kwa sababu nilikukosea hadharani, na kwa sababu si wewe peke yako unayekohoa alfajiri.

Unakumbuka utotoni, uliponikimbiza kando ya reli, kisha ukasimama ghafla, mikono magotini, kifua kikipiga miluzi? Nilicheka, nikakuita kizee. Uliponifikia hukunipiga. Ulinishika bega tu mpaka pumzi ikarudi.

Miezi minne uliyokaa kwangu, pumu yako haikuwa mbaya kabisa wala haikutulia. Mchana ulitwanga sombe, kisamvu chetu, ukiimba. Alfajiri ulikaa kitandani ukitafuta hewa, na pompe ya buluu, ile ya kufungua kifua, uliishika karibu kila siku. Ya kahawia, ya kuzuia, ilionekana haifanyi kazi. Unanijua. Nilisoma kuhusu pumu, nikakasirika, nikaenda nawe kwa daktari nimebeba karatasi kama wakili.

Nilidai upewe pompe yenye dawa mbili pamoja. Daktari, mama mpole kuliko nilivyostahili, alikubali kwamba inasaidia wengi, ila hapa Kamina kuna mwezi inapatikana na mwezi haipatikani. Kuongeza kipimo cha ile ya kahawia kuliwezekana pia, ingawa sauti ingeweza kukauka na mdomo kuota utando mweupe. Vidonge vya kila siku alivikataa: vinatuliza kifua, vinaharibu mengine. Nilikuwa nimeanza kumfokea kwamba anatuchelewesha alipokugeukia wewe, akakuomba umwonyeshe namna unavyoitumia ile ya kahawia.

Ukaipuliza mdomoni, ukafunga midomo, ukameza. Ukaomba maji ya kushushia.

Wagonjwa waliokuwa wakingoja mlangoni walicheka. Nami, badala ya kuwanyamazisha, nilikuuliza mbele yao kama huna akili. Ukatoa boksi kwenye mfuko wako, ukaniwekea mkononi. Mwandiko ulikuwa wangu: kunywa asubuhi na jioni.

"Weye njo uliandika," ulisema. "Mwalimu wa bantu bote." Kweli, mimi ndiye niliyeandika, mimi ninayejifanya mwalimu wa watu wote.

Sisi huku tunakunywa kila dawa, kidonge, siropo, hata sindano karibu tuinywe. Neno lilinitoka bila kufikiri, nawe ulilitii miezi minne. Dawa ilikwenda tumboni, kifua kikabaki na njaa, na mimi nikagombana na daktari nikitaka yenye nguvu zaidi.

Baada ya wewe kutoka, daktari alinieleza, nami nilisikiliza bila kubisha. Tikisa pompe. Toa pumzi yote. Ichomeke kwenye kitako cha chupa ya plastiki kilichotobolewa, weka mdomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza, uvute polepole, ushikilie pumzi ukihesabu mpaka kumi. Kisha sukutua, uteme. Kaa upande unakotoka upepo unapokausha samaki, moshi usikupate. Baada ya wiki kadhaa, kama alfajiri bado ni ngumu, ndipo tutachagua kati ya kuongeza kipimo na ile ya dawa mbili. Wewe utachagua, mimi nitanyamaza.

Pompe na chupa vinakuja na treni, mikononi mwa binti yako. Usinisamehe kwanza, yaya. Hilo linaweza kungoja. Vuta pumzi.

Mdogo wako