Dida Alisema Wewe ni Mama Yake

Mama yangu mpendwa,

Salaam aleikum huko uliko. Kuna neno limenikaa kifuani tangu siku ya mazishi yako, na sina mwingine wa kumwambia.

Siku ile sisi wanawake tulibaki nyumbani, kama ilivyo desturi. Baba alishatangulia, mjomba alikuwa Moyale, na mtoto wa kiume hukujaliwa. Wanaume waliporudi kutoka makaburini ndipo nikaelezwa kwamba sheikh aliuliza nani wako yuko pale ashuke kaburini. Dida, yule taniboi, utingo wa malori ya ng'ombe, akajibu, "Mimi. Ni mama yangu." Akashuka. Akakulaza kwa ubavu wa kulia, akakuwekea udongo mgongoni usigeuke. Walinisimulia wakidhani wananifariji. Mimi nilitamani kumvuta Dida shati atoke kaburini mwako.

Kulaza mtu kwa ubavu alijifunza kwako. Nakumbuka nikiwa darasa la tatu, Dida alikuwa akitafuna miraa njia nzima ili amwongeleshe dereva asisinzie. Lori likifika Isiolo, anameza vidonge vya usingizi na kuanguka kwenye mkeka wa kibanda chako cha chai. Unamgeuza ubavu, unamwekea gunia mgongoni, asije akapaliwa na matapishi yake. Kisha unakaa karibu, unapembua mchele huku ukisikiliza anavyopumua.

Siku moja nilijilaza kando yake, nikafumba macho, nikangoja zamu yangu.

"Na wewe umemeza nini, Halima?" ukaniuliza. "Chapati zangu?"

Mataniboi wote wakacheka. Ukaniinua kwa mkono, ukanituma maji. Mama, nilikuwa nimejilaza vizuri kabisa.

Waliokuja walikuwa wengi, nawe hukumfukuza hata mmoja. Wa miraa ulimzuia kufungua kifurushi chake mpaka amalize bakuli la uji. Wa chang'aa ulimnywesha maji, ukamfichia kisu chake mpaka kesho. Jirani yetu Mama Khadija alikusuta kwamba unawalea walevi, kwamba mtu kama huyo aambiwe aache au aondoke. Ulimjibu ukiwa unakanda unga, bila hata kugeuka: "Akifa leo, ataacha lini?"

Nilijua una haki. Ndiyo maana wivu wangu haukuwa na mahali pa kwenda. Mtoto atamshtaki mama yake kwa nani, kwamba amewafadhili watu? Majirani walikuita Mama Halima, na mimi nilikuwa ndani ya jina hilo. Mataniboi walikuita Mama tu, wakanitoa.

Sasa kibanda ninakiendesha mimi, na Dida bado anakuja lori likiingia. Miraa anatafuna, vidonge amepunguza sana. Ananiita dada, naitikia kwa shingo upande. Wiki iliyopita, akiwa anakunywa chai, alinieleza kwamba uliponizaa kule Garba Tulla, uchungu ulikushika siku mbili, mkunga akakata tamaa, nawe ukaapa ukinipata mzima hutaomba mtoto mwingine. Alisimulia kama habari ya mvua.

Mimi sikuijua hadithi hiyo. Miaka yote tulilala kitanda kimoja, na hukunieleza. Ukampa Dida. Habari ya kuzaliwa kwangu, Mama, uliiweka kwa mtu mwingine.

Niliingia jikoni, nikalia huku nikikoroga sufuria isiyokuwa na kitu. Nilipotoka nilitaka kumwambia asirudi tena. Badala yake nikamuuliza, "Alisema nini kingine?"

Alifikiri kidogo, akasema yapo mengi, atakumbuka akirudi kutoka Moyale.

Basi namngoja. Nataka arudi salama, na wivu haujaniisha hata kidogo. Nikimfungia mlango, nitabaki na nusu yako tu.

Lala kwa amani, Mama.

Ni mimi, yule uliyemzaa.