Wape Hizo Siku Tisa

S.L.P. 41,
Nuu, kupitia Mwingi.
Jumanne, 5 Novemba 2024.

Mpendwa ndugu yangu Nyamai,

Nakusalimu kwa upendo mwingi kutoka hapa nyumbani. U hali gani huko milimani Nepali? Kile kifua kimepona, au bado unajifanya mwanamume na kuiacha sandukuni sweta niliyokufumia? Sisi tuko wazima kiasi. Mvua ilianza wiki iliyopita, ndengu zimeota, na binti yangu Wavinya yuko katikati ya mtihani wa Kidato cha Nne, kwa hiyo nyumba nzima tunatembea kwa kunyata.

Utashangaa kwa nini dada yako ameshika kalamu na simu ipo. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza kusema jambo unacheka, unaniita kikongwe, halafu mtandao unapotea ukiwa bado unacheka. Kwa hiyo nimeandika, na Wavinya atazipiga picha kurasa hizi akutumie. Ukishuka mjini Jumamosi utazipata. Tafadhali zisome zote kabla ya Jumatatu.

Baba hatoki kitandani tangu katikati ya Oktoba. Uji anakunywa, nyama hataki hata kuinusa. Daktari wa Mwingi alisema ni moyo, na kwamba tusimchoshe tena kwa safari. Akili yake iko sawa kabisa, na afadhali ingepotea kidogo, kwa sababu kila asubuhi ananiuliza swali moja ambalo sina jibu lake. Nitakueleza.

Lakini kwanza hiyo habari yako. Ulisema barabara mnayojenga kwenda kwenye hoteli ya watalii imefika kwenye ukuta mrefu wa mawe, na kila jiwe limechongwa maombi ya Kibudha, na kila jiwe liliwekwa na familia fulani kwa ajili ya mtu wao aliyekufa. Ulisema watu wakipita huuacha mkono wa kuume, hata wakiwa na mizigo, hata kama upande wa pili ni karibu zaidi. Mzee Tsering, msimamizi wa vibarua wako, alikuomba siku tisa ili kila familia ije ihamishe mawe yake kwa mikono huku mtawa akiwasomea. Nawe ukamjibu kwamba wafadhili wa Ulaya hawangojei mawe. Vibarua walipokataa kuugusa ukuta, ukasema Jumatatu utapanda tingatinga mwenyewe, kwa kuwa umeokoka na huogopi mawe. Ukacheka.

Nyamai, nilipokata simu niliketi chini pale sokoni, kando ya mboga zangu, mpaka mteja akaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Usianze kunihubiria. Mimi ni mwenyekiti wa kina mama kanisani, na mchungaji akiisoma barua hii kiti hicho nitakiacha. Siogopi mawe. Niliogopa kwa sababu maneno yako niliwahi kuyasikia, yakisemwa hivyo hivyo, kwa kicheko hicho hicho, na baba yetu.

Ulikuwa na miaka sita. Unakijua kile kilima kitupu nyuma ya kanisa. Hapo palikuwa ithembo, mahali wazee walipotolea sadaka wakiomba mvua, penye miti minne mikubwa ambayo hakuna aliyeivunja hata kijiti. Wageni kutoka ng'ambo walileta mabati ya kanisa jipya, tukabaki tunatafuta mbao. Baba, aliyekuwa mhubiri wetu, akasema miti ni miti, na kwamba watu wa Nuu wakati umefika waendelee kama wenzao. Wapasua mbao walipoonyeshwa ni wapi, walikusanya vyombo vyao wakaenda zao. Baba aliikata hivyo hivyo.

Radi haikupiga. Hakuna aliyepooza mkono. Mvua ya mwaka huo ilikuwa nzuri kuliko ya miaka mitatu ya nyuma, na Baba akahubiri juu yake Jumapili nne mfululizo.

Kisha zamu ya mama ya mwethya ikafika. Unajua jinsi kina mama wanavyosaidiana: leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu. Mama alipika muthokoi ya mahindi na maharagwe sufuria mbili, akatandika mikeka, akangoja. Jua likapanda hadi utosini. Hakuna aliyemtukana, na sokoni waliendelea kumsalimu vizuri na kumuuliza habari za watoto. Ile muthokoi tuliila siku tatu, mpaka ikachacha. Baada ya hapo mama alichimba peke yake misimu minne, na wa tano hakuufikia.

Wewe husimulia jinsi mazishi yake yalivyojaa watu. Hao walikuwa watu wa kanisa la Mwingi. Walikuja kwa lori wakarudi kwa lori. Kaburi lilichimbwa na wanaume wanne tuliowalipa kutoka huko huko Mwingi, na hii ni Nuu, ambapo hata mlevi asiye na mke wala mbuzi huchimbiwa na majirani. Ulipouliza majirani wako wapi, uliambiwa mto umefurika. Ni mimi niliyekuambia. Mto ulikuwa mkavu.

Sasa Baba naye ananiuliza kila asubuhi, "Mbinya, nani atanichimbia?" Alhamisi nilikwenda kwa Kalunde, ambaye ndiye anayeongoza mwethya siku hizi, nikamwomba yaishe. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tutaona, Mbinya." Miaka ishirini na saba, na bado ni tutaona.

Nawe ukipima ile miamba unashuka umefungwa kamba kiunoni, na wanaoishika kamba ni Tsering na wanawe. Uliniambia mwenyewe, kwa majivuno. Siogopi kwamba watakuachilia, maana watu wanaokupa chakula kwao si watu wa namna hiyo. Naogopa kwamba watakusalimu vizuri, watakuuliza habari za nyumbani, na asubuhi ya kamba hawatatokea, nawe kwa kiburi chako utashuka ukishikwa na watu wasiokujua hata jina.

Najua barabara inatakiwa. Siku tuliyompeleka Baba Mwingi gari lilikwama kwenye matope mara mbili, nikalia kwa kutamani lami. Watu wa huko nao wana wagonjwa. Lakini Tsering hakukuambia usipitishe barabara. Aliomba siku tisa.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu Musembi. Wale wapasua mbao walipoondoka, waliacha nyuma msumeno wa watu wawili, na mtu mmoja hawezi kuuvuta. Baba aliniita mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilishika upande wa pili kuanzia asubuhi hadi saa kumi, na nilijiona shujaa, nikawacheka wazee waliosimama mbali wakitutazama. Kwa hiyo mama alipokuwa akichimba peke yake, nilijua ni kwa sababu ya nani.

Jumamosi ukimaliza kusoma, usinipigie mimi kwanza. Panda urudi kwa Tsering umwambie siku tisa ni zao. Wafadhili waambie tingatinga limeharibika. Dhambi ya uongo huo niandikie mimi.

Shangazi Mutindi wa Malili anakusalimu, anauliza utaoa lini au unangoja barafu iyeyuke. Musembi na Wavinya wanakusalimu. Baba anasema uje, na mimi nasema uje upesi. Wasalimu nyumbani kwa Tsering, hasa mama wa watoto. Mungu akushike pale ambapo mikono yangu haifiki.

Na kama hata baada ya haya yote utaupanda huo mtambo, basi jioni yake usinipigie kuniambia kwamba hakuna lililotokea. Baba naye alisema hivyo, tena kwa furaha, mwaka mzima.

Dada yako akupendaye na anayekuhofia,
Mbinya