Milanzi, Mwana, Shule

Bweni la Tabitha,
Shuleni, Njombe.
Jumapili ya Mitende, 13 Aprili 2025.

Mpendwa Shangazi Scholastica,

Shikamoo. Na nyingine pokea kwa ajili ya mwaka mzima ambao sikukuandikia. Habari za Karagwe? Miguu inaendeleaje, bado inavimba ukisimama sana? Baba Patrick kile kifua kimemwachia? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya huku unaijua, huwezi kusimuliwa. Masika haya sweta tunafua Jumamosi, Jumatano tunavaa mbichi.

Nyumbani Makambako hawajambo. Baba bado anafunga mizigo kwenye malori ya Mzee Halfan, na mgongo bado anasema haumuumi. Mama amepata meza ya nguo pale sokoni. Ambrose ameanza darasa la kwanza, na siku ya pili tu alirudi na kiatu kimoja.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Simu haturuhusiwi. Ipo ya matroni, lakini unaongea huku wenzako kumi wamepanga foleni nyuma yako, kila mmoja sikio limesimama. Nina jambo la aibu, Shangazi, na sikutaka foleni inisaidie kulisema.

Nianze na habari za shule ili mkono uzoee. Niko kidato cha tano. Tunaamka saa kumi na moja, sala, usafi, chai, darasani. Jumatano ni kwaya. Mimi bado naimba sauti ya pili, maana ya kwanza inanishinda, ingawa nikiulizwa nasema nimeichagua mwenyewe. Tabia yangu unaijua. Mambo ya barua hii yote yametokana na hiyo.

Jumamosi tunayo kazi tunayoiita Huduma. Tunagawanywa vikundi, kila kikundi na mwalimu wake, tunakwenda vijiji vya jirani kulima, kuchanja kuni na kuteka maji kwa wazee wanaoishi peke yao. Ni kazi nzuri, nisije nikaisema vibaya kwa sababu ya makosa yangu. Kikundi chetu kilipangiwa bibi mmoja anaitwa Bibi Rebeka, mjane, anakaa mteremkoni nyuma ya shamba la miti la shule. Kiswahili chake ni cha salamu na cha dukani tu. Mwalimu wetu wa Huduma, Mwalimu Anderson, akauliza nani anajua Kibena.

Nikanyoosha mkono. Tena niliunyoosha kabla hajamaliza kuuliza.

Shangazi, wewe ndiye unayejua Kibena changu kilivyo. Najua kusalimia kamwene, najua kuhesabu mpaka tano nikiruka nne, na najua matusi mawili ya stendi. Lakini uchaguzi wa dada mkuu ulikuwa umekaribia, nusu ya shule wametoka mikoa mingine, na mimi nilikuwa nimeshajitangaza kuwa ni Mbena halisi, mwenyeji wa hapa. Mwenyeji gani asiyejua kwao wanasemaje? Nikaona aibu kusema sijui. Aibu hiyo ndogo ningeimeza siku ile, nisingekuwa na hii kubwa leo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya tarehe 8 Machi. Zamda, binti wa Mzee Halfan, tunayesoma naye hapa, alikuwa ametumwa mtoni na wenzake kuteka maji. Sisi tuliobaki tulikuwa tunakandika ukuta wa jiko la Bibi uliobomoka kwa mvua, na fito zikapungua. Pembeni ya nyumba pana kichaka kizuri cha milanzi, machipukizi yamekatwa ncha, kila moja limefungiwa mbeta, yale mapande ya mwanzi ya kukingia ulanzi kabla haujachacha ukawa pombe. Mwalimu Anderson akasema fito hizi hapa, lakini mali ya mtu haikatwi bila ruhusa. Lidia, muulize Bibi.

Kuuliza kwenyewe sikujua. Nilionyesha milanzi, nikaonyesha panga, nikasema, "Bibi, milanzi?" huku nimeinua nyusi. Bibi akashika mkono wangu akaongea, na aliongea kirefu. Katika yote hayo nilidaka maneno matatu: milanzi, mwana, shule. Kila lilipopita moja nilitikisa kichwa na kuitikia ee, ee, kama mtu anayefuata.

Kisha nikawageukia wenzangu nikatafsiri. Nilisema Bibi anasema milanzi hii imemharibia mwana, ulanzi umemfanya aache shule, anaomba kwa jina la Yesu tuifyeke yote asiione tena.

Sijui jina la Yesu nililitoa wapi. Hilo sikulisikia kabisa, nililiongeza. Ila hayo mengine yalikuja yenyewe, maana ndiyo tunayohubiriwa hapa kila wiki: ulanzi na watoto kuacha shule. Nilikuwa na maneno matatu na sentensi iliyokwisha kupikwa, nikayatumbukiza humo.

Tulifyeka kichaka kizima, Shangazi. Tulifyeka huku tunaimba. Mbeta zilianguka, ulanzi mtamu wa asubuhi ukamwagika kwenye viatu vyetu, tukacheka kwamba tumelewa miguu. Bibi alisimama mlangoni kidogo, akaingia ndani. Nikawaambia wenzangu analia kwa furaha. Saa saba akatutolea makande, sufuria nzima, tukala tukamaliza. Mgeni ni mgeni, hata akikufyekea.

Zamda aliporudi na ndoo aliongea na Bibi peke yao nyuma ya jiko. Wewe hujui, nami nilikuwa nimesahau, kwamba Zamda anajua Kibena kuliko mimi. Mama yake amenunua viazi kwa wakulima wa vijiji vyote vya huku miaka kumi na mitano, na Zamda amekua juu ya magunia hayo. Njiani akapunguza mwendo tukabaki nyuma.

"Lidia, Bibi alikwambia nini?"

"Si nilishatafsiri? Waulize wenzako."

"Mimi nakuuliza wewe."

Ndipo akaniambia. Bibi alisema milanzi hii aliipanda marehemu mumewe, na ndiyo inayomsomesha mwana. Mwana ni mjukuu wake aliyemlea, anaitwa Juliana, yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Ulanzi wa msimu mmoja ndio ada ya muhula wake. Bibi aliniomba tukate mikavu tu, ile ya nyuma, tumwachie inayogemwa. Mimi nikaitikia ee, nikageuka, nikawaambia wenzangu wakate.

Kwa hiyo yeye hakudhani kwamba hatukumwelewa. Alidhani tumemsikia vizuri, tukamkatalia. Alidhani ni amri ya kanisa.

Zamda alisema, "Mimi sitakusemea. Jisemee mwenyewe." Na kweli hakusema kwa mtu.

Mimi pia sikusema, na hapa ndipo ninapoona haya hata kushika kalamu. Nilikaa kimya karibu wiki tano. Jumatatu Mwalimu Anderson alinisimamisha mbele ya shule nzima, akasema huyu ndiye mfano wa kijana anayetumia lugha ya kwao kumtumikia Mungu. Nilipigiwa makofi. Wiki iliyofuata nilichaguliwa dada mkuu, nikashonewa tepe begani. Jumamosi mbili nilisingizia tumbo. Ya tatu matroni alinitazama sana, nikaona afadhali niende.

Bibi alinipokea kwa mikono miwili. Visiki alikuwa amevifagilia vizuri. Zile mbeta aliziosha zote, akazipanga zimeegemea ukuta tuliomkandikia, midomo chini, zikauke. Nilizihesabu ili nipate pa kuweka macho. Thelathini na moja. Siku hiyo nilishika jembe nikalima bila kuinua kichwa, wenzangu wakasema dada mkuu ana bidii.

Watu husema majuto ni mjukuu. Haya yangu ni mjukuu wa mtu kabisa, ana jina, na mwezi wa tisa atatakiwa arudi chuoni.

Alhamisi iliyopita nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Anderson nikaeleza yote, nikiwa nimesimama. Nilitegemea akasirike. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akaniambia yeye ni Mkinga, Kibena hakijui, ila kinamwingia kidogo, na siku ile alisikia kitu hakikai sawa. Hakuuliza, kwa sababu tafsiri yangu ilimpendeza. Kisha akasema, "Kesho utaongea wewe, halafu nitaongea mimi." Na Ijumaa tuliongea mbele ya shule nzima. Nilianza mimi, nikavua lile tepe kabla sijaambiwa. Sasa bwenini naitwa Mkalimani. Nikiomba chumvi mezani, wanauliza nimesema nini. Wana haki.

Kuhusu fidia, walimu wamegawanyika. Viazi na mboga za Bibi jiko la shule litanunua, hilo limepita. Lakini kumpandia milanzi, wengine wamesema shule ya kanisa haiwezi kupanda pombe. Mwalimu Anderson akajibu kwamba shule ya kanisa imeweza kuiba, basi na irudishe. Bado wanabishana.

Jana Mwalimu alikwenda kumwomba Bibi radhi kwa niaba ya shule, Zamda akatafsiri. Mimi nilisimama nyuma. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini yule binti mrefu leo haongei, wakati siku ile alimwitikia vizuri. Zamda akamwambia ukweli, kwamba hajui Kibena. Bibi akanitazama, hakucheka. Akauliza ni mtoto wa nani. Akatajiwa ukoo wetu. Akasema neno, na Zamda akanitafsiria bila kuongeza wala kupunguza: "Huyu mwenzenu asisemewe. Aje akishajua, nitamsubiri."

Ndiyo sababu nakuandikia wewe, Shangazi, na siyo Baba.

Unakumbuka Krismasi ya mwaka juzi, ulipokuja Makambako ukaniita jikoni, ukasema njoo nikufundishe lugha ya babu zako ungali mdogo. Zamda alikuwepo. Nikasema Kibena ni lugha ya kuuzia viazi, haina mtihani. Kisha nikakuigiza unavyoongea, nikabana pua. Nilicheka peke yangu. Zamda hakucheka, nikadhani hakuelewa utani. Wewe uliendelea kumenya viazi, na jioni ukanipa kitenge ulichokuwa umeniletea. Sikuwahi kukuomba radhi. Naomba leo. Nilikukosea mbele ya mgeni, nikakudharau wewe na Babu pamoja, na nilijua wakati huohuo kwamba nimekosea.

Nina maombi mawili, ukiona sistahili hata moja nitaelewa.

La kwanza ni milanzi iliyoko kwenye shamba alilokuachia Babu. Jirani wa Bibi, Remmy, ambaye ndiye humgemea, amenieleza kwamba vichipukizi huchimbwa na mizizi yake, vikapandwa mvua za Novemba zikianza, na vikishika vinahitaji miaka mitatu au minne mpaka vigemwe. Juliana atakuwa amemaliza, au atakuwa ameacha, kwa hiyo najua havitamsaidia yeye. Hata hivyo nataka Bibi aione imesimama. Naomba ruhusa nichimbe kumi. Baba, nilipompigia kwa simu ya matroni, alisema chimba tu, Shangazi yako yuko mbali. Nikamwambia safari hii nauliza mwenye mali kwanza, na nasubiri nijibiwe.

La pili ni dogo. Nimepanga kwenda kwa Bibi Rebeka Jumamosi ya tarehe 3 Mei. Zamda angeweza kunifundisha la kusema, na tayari amejitolea, lakini Kibena chake ni cha kununulia magunia, mwenyewe anasema, na mimi nataka kusema kama mtoto wa nyumba yetu. Niandikie kwa mkono wako: Bibi, ulisema nami sikuelewa, nikaona aibu kusema sikuelewa, nikasema uongo. Niandikie polepole, kwa herufi kubwa, na uweke alama pale ninapotakiwa kuvuta sauti. Nitakariri kila siku kwenye mstari wa maji. Nikikosea mbele yake, atanisahihisha mwenyewe, maana sitajifanya tena.

Msalimie sana Baba Patrick, na Patrick mwenyewe, mwambie shati la timu alilonipa limeibiwa kambani. Msalimie mama mkwe wako na wote wa hapo nyumbani. Mungu aliyekutunza ukitibu watu miaka yote ile pale Ilembula akutunze na wewe, miguu ipate nguvu, uje tena tukae jikoni, safari hii mimi nimenye viazi, wewe uongee.

Barua yote ya majibu iandike kwa Kibena, Shangazi, siyo sentensi ile tu. Usinionee huruma ukachanganya Kiswahili. Palipo na neno nisilolijua nitalipigia mstari, nitakwenda kwa mtu anayelijua, nami nitamwambia: hili silijui.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na nikuoneaye haya,

Lidia