Jibu la Saa Mbili

Shikamoo, Mshauri. Nakuandikia wewe usiyenijua, kwa sababu wanaonijua wote wananisifu, na sifa zao zinanichoma.

Mimi ni mpokea simu katika hoteli moja mjini Malindi, tuna laini moja tu ya simu za mbali, na zamani kila mtu aliuliza jambo lilelile, jikoni waulize ndege itatua saa ngapi, madereva waulize ndege hiyohiyo, wageni nao waulize, laini ikawa haipatikani, basi nikaanzisha daftari, nikiuliza mara moja naandika jibu, na anayefuata namsomea bila kupiga simu, meneja akafurahi akaamuru kila idara ipitie kwangu.

Mwezi uliopita mama yake Nzai, dobi wetu, mtu wa Vitengeni, alilazwa hospitalini Kilifi, nami saa mbili asubuhi, kwa ombi la Nzai, nikapiga simu kuulizia hali yake, muuguzi akasema mama amekunywa uji na anazungumza, nikaandika. Saa saba Nzai akarudi dirishani kwangu, akasema, "Dada Kuluthumu, niulizie tena, moyo wangu hautulii, na basi la Kilifi linaondoka saa nane." Laini ilikuwa wazi, Mshauri, hapo ndipo ninapokwama, lakini mkono ulishazoea daftari, nikamsomea, "Amekunywa uji, anazungumza." Akacheka. "Mama yule uji huutukana kabla ya kuuonja. Kama ana nguvu za kuutukana, amepona." Akarudi kwenye pasi yake. Mama alifariki magharibi, na baadaye muuguzi aliniambia kwamba tangu saa nne alikuwa amezidiwa, akimwita mwanawe.

Nzai ametoka matangani, ameniletea kuku kwa shukrani, anasema nilimpa habari njema ya mwisho, na kuku huyo nimemfunga uani, kila akilia nainuka, nakaa, nainuka tena. Meneja naye anataka nimfundishe Easter, mpokea simu mpya, kazi ya daftari. Nimwambie Nzai, au nimwachie furaha yake?

Kuluthumu, Mambrui

Marahaba, Bi Kuluthumu.

Daftari lako ni kazi ya akili, usilichome. Lakini saa ya ndege huweza kungoja kwenye karatasi, hali ya mgonjwa haingoji. Uji ulikuwa kweli. Uongo ulikuwa kumwacha Nzai aamini kwamba umetoka kuuliza. Usiusingizie mkono, mkono huo ni wako. Wala sitasema kwamba ulimuua mama wa watu, maana alikuwa mgonjwa. Ulichomnyima Nzai ni basi la saa nane, na hilo linatosha.

Furaha unayotaka kumwachia ni kinga yako mwenyewe. Tena Kilifi si mbali: siku moja atakwenda kumshukuru muuguzi, na atayasikia huko. Utamtazama vipi?

Nenda nyumbani kwa Nzai kabla wiki hii haijaisha. Fuatana na mtu mzima wa kwenu, kama ilivyo ada, lakini asikusemee. Sema wewe: "Uliponiomba niulize, sikuuliza. Nilikusomea jibu la asubuhi." Usiongeze neno "lakini". Akifoka, kaa umsikilize mpaka amalize.

Easter mfundishe kwamba kila jibu liandikwe pamoja na saa yake, na saa hiyo isomwe kwa sauti. Habari za mgonjwa zisiingie daftarini kabisa.

Kuku umchukue. Ukishasema, mrudishie. Akimpokea, rudi Mambrui mikono mitupu, wala usinung'unike. Akikupa tena, akiwa anajua yote, huyo ndiye kuku wako.